Je, antioksidanti huweza kuzikinga figo zisiumizwe na dawa?

Muuguzaji ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Kaka yangu mkubwa anatarajia kuanza tibakemikali ya saratani ambayo ndani yake imo dawa iitwayo sisplatini. Daktari wake ametueleza bila kificho kwamba dawa hiyo huziumiza figo za baadhi ya wagonjwa, na kwa sababu hiyo atapimwa damu kabla ya kila mzunguko na kutundikiwa dripu za maji ya chumvi kabla na baada ya dawa. Maelezo hayo tuliyaelewa vizuri.

Kilichonichanganya ni niliyoyasoma baadaye. Nimekutana na muhtasari wa tafiti nyingi zinazosema kwamba sisplatini, na vilevile jentamisini, dawa ya kuua bakteria, huziumiza figo kwa kuzalisha radikali huru, yaani chembe za kikemia zinazoharibu seli, na kwamba panya waliopewa antioksidanti, yaani vitu vinavyozima radikali hizo, kama vitamini E, kurkumini itokanayo na manjano, mafuta ya habbasoda au dondoo la majani ya mlonge, figo zao zilisalimika kwa kiasi kikubwa kuliko za wenzao waliopewa dawa peke yake. Tafiti za namna hii si moja wala mbili. Ukianza kuzifungua hazina mwisho, na karibu zote huhitimisha kwamba kitu kilichojaribiwa kina uwezo wa kukinga figo.

Ikiwa ushahidi ni mwingi kiasi hicho, kwa nini daktari hakumwandikia kaka hata kimoja kati ya vitu hivyo? Tukimnunulia vidonge vyenyewe, tutakuwa tumemsaidia, tumepoteza fedha tu, au tunaweza kumdhuru? Na je, jibu ni lile lile kwa kila dawa inayoumiza figo, au kila dawa ina njia yake? Naomba majibu ya wenye taaluma, na msiogope kuingia kwa undani.

Mfamasia wa Wodini amejibu:

Ndugu Muuguzaji, pole kwa mgonjwa. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine.

Figo mbili kwa pamoja hazifikii hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban moja ya tano hadi robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za maji, na karibu yote hurudishwa mwilini, zikabaki lita moja na nusu au mbili zinazotoka kama mkojo. Kwa hiyo dawa iliyokuwa imezimuliwa katika damu hujikusanya ndani ya figo kwa wingi usioonekana katika viungo vingi vingine. Zaidi ya hapo, seli za mwanzo wa mirija midogo ya figo zina milango maalumu ya kunyonya vitu. Sisplatini huingia kupitia msafirishaji anayeitwa OCT2, ilhali jentamisini hunaswa na protini iitwayo megalini, ikamezwa hadi kwenye vifuko vya ndani ya seli na kukaa humo siku nyingi hata baada ya damu kuwa safi. Seli hizi zimejaa mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, kwa sababu kazi yao inahitaji nguvu nyingi, na mitokondria zikishavurugwa na dawa, radikali huru huongezeka, mafuta ya kuta za seli huoza, na seli hufa.

Kwa hiyo walioandika kwamba oksidisho, yaani uharibifu huo wa radikali huru, limo hawakusema uongo. Limo. Lakini ni pete moja katika mnyororo mrefu, na katika dawa nyingine si pete muhimu hata kidogo. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, huziumiza figo hasa kwa kuzuia prostaglandini, vitu ambavyo huuacha mshipa unaoingiza damu kwenye chujio ukiwa wazi; mshipa ukibana, chujio hukosa damu, na hakuna vitamini itakayoufungua. Asiklovia, dawa ya virusi, ikidungwa haraka kwa mgonjwa aliyekaukiwa maji huganda kuwa fuwele ndani ya mirija. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, na baadhi ya penisilini zinaweza kuamsha kinga ya mwili ikaivimbisha nyama ya figo kwa njia ya mzio, na hapo jambo la kwanza ni kuisimamisha dawa. Anayeuza kidonge kimoja cha kukinga figo dhidi ya dawa zote hizo anauza jina.

Hata kwa sisplatini yenyewe mambo si rahisi. Glutathioni ndiyo antioksidanti kuu inayotengenezwa na seli, na wengi hudhani kwamba ukiiongeza utakuwa umemaliza kazi. Hata hivyo, majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba sisplatini ikishaungana na glutathioni, vimeng'enya vya kwenye mirija ya figo huweza kuuvunja muungano huo na kuugeuza kuwa kitu kikali zaidi, kiasi kwamba panya waliozuiwa kimeng'enya kimojawapo walipata nafuu. Yaani kinga na sumu zinapita mlango mmoja.

Mtafiti wa Maabara amejibu:

Naomba niingie hapa kwa kuwa tafiti alizozitaja Muuguzaji ndiyo kazi iliyonilea, na ningependa asomaye ajue jinsi zinavyofanywa kabla hajazikubali au kuzidharau.

Utaratibu wake karibu ni mmoja kila mahali. Panya dume, vijana na wenye afya, hugawanywa katika makundi ya panya sita au wanane. Kundi moja hupewa maji tu, jingine jentamisini tu, na mengine hupewa jentamisini pamoja na dondoo la mmea kwa viwango viwili au vitatu. Jentamisini hudungwa tumboni kwa kipimo cha miligramu 80 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa muda wa juma moja hivi. Mgonjwa wa kawaida hupewa miligramu 5 hadi 7 kwa kilo. Hata ukizingatia kwamba panya huiondoa dawa mwilini haraka na hivyo kipimo chake hugawanywa kwa takriban sita ili kukilinganisha na cha binadamu, bado panya huyo amepewa takriban maradufu au zaidi. Mara nyingi dondoo lenyewe huanza kutolewa kabla ya sumu, na hakuna dripu ya maji, yaani kinga ya msingi ambayo kaka yako atapewa.

Mwishoni damu hupimwa urea na kreatinini, taka ambazo hupanda figo zikishindwa kuzitoa, figo moja husagwa ili kupima mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa pamoja na vimeng'enya vya kujihami, na nyingine hukatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Nakiri kwamba slaidi hizo zinashawishi. Katika figo ya panya aliyepewa jentamisini peke yake, vinyweleo vinavyopanga ukingo wa ndani wa mirija vimefutika, viini vya seli vimepauka au havipo, na seli zilizobanduka zimejazana katikati ya mrija pamoja na utando wa waridi ulioziba njia. Ukiweka slaidi ya kundi la dondoo unaona uvimbe kidogo, lakini ukingo umesimama na njia iko wazi. Hakuna udanganyifu hapo. Panya huyo kweli alipona.

Shida yangu ni nyingine. Kwa mtindo huo huo yamefaulu mafuta ya habbasoda, kitunguu saumu, asali, chai ya kijani, zabibu, tangawizi, seleni, zinki, melatonini, na orodha inaendelea kwa vitu visivyo na undugu wowote wa kikemia. Mtihani ambao kila mtahiniwa anaufaulu haumchagui yeyote. Ongeza kwamba mwanafunzi ambaye dondoo lake halikufanya kitu hupata taabu kulichapisha, kwa hiyo tunaousoma ni upande mmoja wa daftari. Na kwa upande wa sisplatini kuna kasoro ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote: sehemu kubwa ya panya hao hawana saratani. Figo imekingwa, sawa, lakini hakuna aliyeuliza kama uvimbe wa saratani nao haukukingwa. Sisplatini huua seli ya saratani kwa kujibandika kwenye DNA yake, na msukosuko wa oksidisho unachangia kifo hicho. Mwenye kuuzima msukosuko huo mwili mzima anapaswa kutuonyesha kwamba hakuwapa adui nao mwavuli.

Sisemi tafiti hizi hazina faida. Tafiti za wanyama ndizo zilizosaidia kutuonyesha njia ya megalini na ya OCT2. Lakini ni mwanzo wa swali, na kichwa cha makala kinapoandikwa kana kwamba ni jibu, msomaji wa nje hupotoshwa.

Msomaji Mkongwe amejibu:

Kwa heshima zote, wataalamu, haya tumeyazoea. Kila kinachotoka shambani huambiwa bado hakijathibitishwa, na sababu inajulikana: hakuna kampuni itakayogharimia jaribio la kitu ambacho haiwezi kukimiliki. Mama zetu walitumia manjano na habbasoda miaka na miaka bila kudhurika. Kwa nini mgonjwa asubiri jaribio ambalo halitafanyika kamwe?

Daktari wa Figo amejibu:

Mzee wangu Msomaji Mkongwe, shikamoo. Hoja ya fedha ina uzito wake na siibezi, lakini katika suala hili majaribio yalifanyika, tena makubwa, tena kwa vitu vya bei rahisi visivyo na mmiliki. Ruhusu nikueleze yaliyotokea.

Mwaka 2000 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 83 ambao figo zao zilikuwa tayari dhaifu na waliohitaji kudungwa dawa yenye madini ya joto ili picha ya kipimo cha CT ionekane vizuri. Waliomeza N-asetilisisteini, antioksidanti ya miaka mingi na rahisi kuipata, walipata madhara machache mno kuliko wenzao. Hospitali nyingi duniani ziliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa ilionekana salama na haikuwa ghali. Kisha yakaja majaribio makubwa. La mwaka 2011 lilikuwa na wagonjwa 2,308, na halikuona tofauti yoyote. La mwaka 2018 lilihusisha takriban wagonjwa 5,000 wenye hatari kubwa, na halikuona tofauti pia, si katika vifo, si katika kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, si katika kreatinini iliyobaki juu. Katikati ya hapo ilikuwa imegundulika pia kwamba kwa watu wazima wenye afya dawa hiyo huweza kushusha kipimo cha kreatinini bila uwezo wa figo kubadilika. Kama umeegemea namba moja ya maabara, utadhani umekinga figo kumbe umeishusha namba.

Kuhusu manjano, Mzee, nalo limejaribiwa. Nchini Kanada wagonjwa 606 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mshipa mkuu wa damu tumboni walipewa kurkumini kwa kipimo kikubwa au vidonge visivyo na dawa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kurkumini haikuwakinga. Walioumia figo kwa ghafla walikuwa asilimia 17 miongoni mwa waliopewa kurkumini na asilimia 10 miongoni mwa wengine. Mama zetu walitia manjano kwenye chakula, kijiko kwa sufuria nzima, na hilo sina ugomvi nalo. Vidonge vilivyokolezwa ni jambo jingine kabisa.

Ipo pia bardoksoloni, dawa iliyobuniwa kwa ustadi kuiamsha Nrf2, yaani swichi ambayo seli huitumia kuwasha kinga zake zote za antioksidanti kwa pamoja. Ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 2,000 wenye kisukari na figo zilizochakaa, na mwezi Oktoba 2012 jaribio likasimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walilazwa zaidi kwa moyo kushindwa kazi kuliko wenzao. Na tukitoka kwenye figo, wavutaji sigara wa Finland waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kama ilivyotangazwa mwaka 1994, na wanaume waliomeza vitamini E kwa kipimo kikubwa katika jaribio la zaidi ya watu 35,000 walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi, kama ilivyoripotiwa mwaka 2011. Ninayataja haya kwa sababu Muuguzaji aliuliza kama vidonge vinaweza kudhuru. Vinaweza.

Sasa msije mkadhani ninaichukia N-asetilisisteini. Mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi nitampa bila kusita, na akipewa ndani ya saa nane tangu ameze, ini lake kwa kawaida litasalimika. Tofauti iko wapi? Katika sumu hiyo tunajua kwa hakika kwamba akiba ya glutathioni ya ini imekwisha, tunajua kwamba dawa itaijaza, na tunafika kabla seli hazijafa. Mahali panajulikana, wakati unajulikana. Vilevile mwaka 2022 Marekani iliidhinisha sodiamu thaiosalfeti kwa watoto wanaopewa sisplatini, ili kulinda masikio yao, si figo, na sharti moja ni kwamba itolewe saa sita baada ya sisplatini kumalizika ili isiizuie dawa kuua saratani. Amifostini nayo iliidhinishwa katika miaka ya 1990 kwa ajili ya figo za wanaopata sisplatini, lakini inashusha shinikizo la damu na kutapisha, na wengi wetu tumeiacha. Kinga zipo, basi, ila zinakuja na saa, kipimo na gharama zake, na hakuna hata moja inayofanana na kumeza kidonge kila asubuhi kwa kubahatisha.

Kinachomkinga kaka yako ni hizo dripu ambazo zinaonekana kama jambo dogo. Sisplatini ilipoanza kutumiwa karibu iachwe kwa sababu ya figo. Maji ya chumvi ndiyo yaliyoiokoa katika miaka ya 1970. Kiowevu kikipita kwa wingi katika mirija, dawa haikai ndani yake kwa ukolevu mkubwa wala kwa muda mrefu. Pamoja na maji, vituo vingi huongeza magnesi kwenye dripu, kwa kuwa sisplatini huifanya figo ipoteze madini hayo, na upungufu wake wenyewe huongeza madhara.

Muuguzaji amejibu:

Nawashukuru sana, na zaidi kwa uvumilivu. Yamebaki mawili. Kwanza, ndugu mmoja ametuletea chupa ya dawa ya mitishamba iliyoandikwa kwamba husafisha figo, na haikuorodhesha viambata vyake. Pili, kaka amekuwa akitumia diklofenaki kwa maumivu ya mgongo muda mrefu, ila hatukulitaja hospitalini kwa kuwa hununua mwenyewe dukani. Je, ni jambo la kutaja?

Mfamasia wa Wodini amejibu:

La pili ni la kutaja leo, si siku ya dripu. Diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye chujio, na sisplatini huumiza mirija inayofuata. Zikikutana kwa mtu anayetapika, na sisplatini hutapisha sana, hatari hupanda upesi. Kama pia anameza dawa ya shinikizo la damu ya jamii ya enalapril au losatani, au dawa ya kukojosha, litajeni hilo kwa jina na kipimo. Daktari atambadilishia dawa ya maumivu. Msimbadilishie ninyi.

Kuhusu chupa, ushauri wangu ni asiiguse kabisa. Dawa isiyotaja viambata vyake haiwezi kutetewa na mtu yeyote. Mnamo mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake walioharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya kupunguza uzito ambavyo mmea mmoja ulikuwa umekosewa na badala yake kutiwa mwingine wa jenasi ya Aristolokia. Idadi yao baadaye ilipita mia, wengine walihitaji kupandikizwa figo, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Hata vitamini C, ambayo kila mtu huiona haina neno, ikimezwa kwa gramu nyingi hugeuka oksaleti, na oksaleti hujenga fuwele ndani ya mirija ile ile tunayotaka kuikinga. Matunda na mboga katika mlo wa kawaida hayana tatizo hilo, isipokuwa daktari amemwekea masharti ya potasiamu.

Nyumbani baada ya kila mzunguko, angalieni mambo yanayopimika: anakunywa na kukibakiza tumboni kiasi gani, mkojo umepungua au la, uzito wake umebadilikaje, na kama anapata mikakamao ya misuli au ganzi midomoni na vidoleni, ambazo huweza kuwa dalili za magnesi kushuka. Kreatinini huchukua siku kadhaa kupanda baada ya sisplatini, kwa hiyo kipimo kizuri cha siku ya pili kisiwafanye mkaacha kile kilichopangwa baadaye. Akishindwa kubakiza maji tumboni kwa siku nzima, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yake ya kliniki haijafika.

Mtafiti wa Maabara amejibu:

Nyongeza moja kwa Msomaji Mkongwe, kwa sababu swali lake la nani atagharimia jaribio halikujibiwa lote. Nikipata fedha kesho, sitawapa panya wengine dondoo jingine. Nitachukua panya wenye uvimbe, niwape sisplatini pamoja na maji ya chumvi kama apewavyo binadamu, kisha nipime uvimbe na figo kwa pamoja, huku anayesoma slaidi akiwa hajui ipi ni ya kundi lipi. Dondoo litakalovuka hapo, mmea uwe wa shambani au wa porini, nitakuwa wa kwanza kulipeleka kwa Daktari wa Figo.

Daktari wa Figo amejibu:

Nami nitalipokea, mradi uniletee na kipimo cha dawa iliyomo ndani ya damu. Kurkumini, kwa mfano, hufyonzwa kwa shida sana kutoka utumbo, na nimesoma makala nyingi za panya ambazo hazikujishughulisha kuuliza kama ilifika kwenye figo.